Jamvi linalopumua: mwongozo wa kuweka sanaa ya mwanga na sauti eneo la wazi, Mtwara na Lindi

Wanaotaka kuweka sanaa ya aina hii hutuuliza maswali yale yale. Lazima tuwe na projekta? Umeme tutoe wapi? Tuandike nini kwenye bango? Ukuta wa jengo la kale Mikindani tunaweza kuutumia? Tumeamua kuyajibu yote mahali pamoja.

Projekta si lazima, na kwa anayeanza hatuishauri. Inakula umeme mwingi, picha inafifia taa ya barabarani ikiwa karibu, na watu wakiona mwanga ukutani wanajua ni sinema au mkutano wa hadhara: wanajaa, wanapiga kelele. Unachotaka ni kinyume chake. Hapa utatengeneza jamvi lenye mwanga nyuma yake, unaopanda na kushuka kama pumzi ya mtu aliyetulia. Mbele kuna benchi, pembeni kuna bomba la kusikilizia sauti fupi za watu wa hapa hapa.

Kitu hiki ni cha mtu mwenye moyo mzito. Hakitibu ugonjwa. Kinampa mtu nafasi ya kukaa dakika tano bila kuulizwa anamsubiri nani, na kinamweka karibu na mtu anayejua kumwelekeza hospitali akihitaji. Sehemu hiyo ya pili ndiyo ngumu, na ndiyo wengi huiruka ili wawahi kwenye nyaya.

Kabla ya kununua chochote

Watu. Unahitaji wasikilizaji wawili kila usiku, yaani watu wa kukaa karibu na kumsikiliza anayetaka kuongea, mwanamke na mwanamume ikiwezekana. Si lazima wawe wauguzi, ila wawe wamekaa walau nusu siku na muuguzi wa afya ya akili au afisa ustawi wa jamii. Kwa Mtwara nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula, kwa Lindi nenda Sokoine. Uliza mambo matatu na uyaandike: huduma ya afya ya akili inapatikana siku zipi, mgonjwa wa usiku anapokelewa mlango upi, na jina la cheo cha mtu wa kumuulizia.

Ruhusa. Anza kwa mtendaji wa kata, kisha barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa afisa utamaduni na afisa ustawi wa jamii. Taarifu na kituo cha polisi cha karibu. Barua iwe ukurasa mmoja: mahali, siku, saa, kitu chenyewe, nani anawajibika. Majengo ya kale ya Mikindani yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kwa hiyo usipigilie hata msumari mmoja. Jamvi letu linasimama kwa miguu yake.

Mahali. Tafuta penye watu wanaopita lakini wasiokaa kunywa. Karibu na soko la samaki Feri panafaa ukisogea mbali na vibanda vya muziki. Pembezoni mwa viwanja vya Mashujaa panafaa siku zisizo na mkutano. Lindi, jaribu upande wa bahari, karibu na wanakopandia boti za Kitunda. Stendi haifai: honi, wapiga debe, na kila aliyekaa ana mzigo wa kulinda. Kaa hapo kuanzia saa 1 usiku, siku tatu tofauti, ukiwa huna kitu mkononi. Ukishindwa kusikia mtu anayeongea kwa sauti ya kawaida hatua mbili kutoka ulipo, hama.

Vifaa

- Mkanda wa LED wa volti 12, mita 5, aina ya 2835 yenye taa 60 kwa mita (wati 4.8 kwa mita), rangi ya kaharabu au nyeupe ya joto isiyozidi 3000 K. Chagua uliofunikwa silikoni (IP65).
- Arduino Nano, kompyuta ndogo ya kuendesha programu, 1
- Mosfeti IRLZ44N, swichi ya kielektroniki ya kuongoza mwanga, 1
- LM2596, kipunguza volti, 1
- DFPlayer Mini, kicheza MP3 kidogo, 1, memori kadi isiyozidi GB 32, spika ndogo ya ohm 8, wati 3
- Kitufe kikubwa cha kubonyeza 1
- Rezista: 220 Ω, 1 kΩ na 10 kΩ, moja moja
- Kapasita 1000 µF, volti 16 au zaidi
- Betri ya sola iliyofungwa, volti 12, Ah 7 (ampea-saa), fyuzi ya ampea 3 na kishikio chake, swichi
- Bomba la PVC la inchi 2, sentimita 80, na kona moja
- Jamvi la mita 1 kwa 2, fremu ya mbao, benchi lenye egemeo
- Kontena la plastiki la chakula lenye mfuniko wa kubana
- Mita ya kupimia volti, kifaa cha kuchomelea risasi, silikoni, rangi ya kucha isiyo na rangi, vaselini

Tumesema jamvi, si mkeka wa harusi. Mkeka mzuri wa ukindu umefumwa kwa kubana na hautoi mwanga. Jamvi kuukuu lililolegea ndilo linalofaa, mwanga unachungulia kwenye matundu kama jua kwenye paa la makuti.

Paneli ya sola ibaki nyumbani. Ukiifunga eneo la wazi itaondoka na mtu. Chaji betri mchana kwa paneli ya wati 20 au kwa umeme wa kawaida, jioni ubebe betri tu. Matumizi hayazidi Wh 15 (wati-saa) kwa usiku wa saa mbili. Betri ya Ah 7 ina Wh 84, na nusu yake ndiyo ya kutumia bila kuiua, kwa hiyo una usiku mbili hata kukiwa na wingu zito. Kuanzia Desemba hadi Aprili, msimu wa mvua huku kusini, hiyo akiba utaihitaji.

Hatua

1. Weka LM2596 kwanza, peke yake. Ipe volti 12, zungusha skrubu ndogo ya shaba huku mita ikiwa upande wa kutoa, mpaka isome 5.0. Ikitoka dukani inaweza kuwa imewekwa volti yoyote. Anayeunga Nano kabla ya kupima anaiunguza siku ya kwanza.

2. Unga mwanga. Chanya ya betri iende kwenye fyuzi (karibu na betri kadiri inavyowezekana), kisha swichi, kisha igawanyike: njia moja kwenye chanya ya mkanda, nyingine kwenye LM2596. Shika mosfeti maandishi yakikutazama. Mguu wa kushoto uende pini D9 ya Nano kupitia 220 Ω. Mguu wa kati uende hasi ya mkanda. Mguu wa kulia uende hasi ya betri. Rezista ya 10 kΩ iungane kati ya mguu wa kushoto na hasi, la sivyo taa zitawaka kwa nguvu zote kila unapowasha, kabla Nano haijaamka. Hasi zote zikutane.

Fundi akikupa IRFZ44N akisema "ni ile ile", kataa. Herufi L ndiyo yenye kazi: inafunguka vizuri kwa volti 5. Hiyo nyingine inafunguka nusu na kupata moto.

3. Panga pumzi. Sekunde 4 kupanda, sekunde 6 kushuka. Jumla 10, yaani pumzi 6 kwa dakika, mwendo wa kupumua polepole. Usiweke kituo cha kushikilia pumzi katikati. Wapo wanaopata kizunguzungu.

Kwenye programu utakayoiweka kwenye Nano, kupanda iwe hatua 200 na kushuka hatua 300, kila hatua milisekunde 20. Mwanga usipande kwa mstari ulionyooka. Jicho linaona giza kwa namna yake: mwanga ukipanda sawasawa, litaona umeruka mwanzoni kisha ukaganda. Chukua namba ya hatua, igawe kwa jumla ya hatua, jibu lizidishe kwa lenyewe, kisha lizidishe kwa 100. Hiyo ndiyo namba ya kuipa D9, ambayo yenyewe hupokea 0 hadi 255. Wakati wa kushuka, hesabu kurudi nyuma. Weka kikomo cha chini 6. Chini ya hapo mwanga unashuka kwa vingazi vinavyoonekana, na giza kamili linamfanya aliyekaa adhani kimeharibika.

Usipite 100. Kwenye meza yako itaonekana hafifu. Nje, gizani, inatosha. Na usiweke kitu chochote kinachomemeteka: mwanga unaopigapiga zaidi ya mara 3 kwa sekunde unaweza kumwangusha mwenye kifafa.

Watu wengi huuliza kuhusu kihisi mwendo, taa iwake mtu akikaribia. Hapana. Mtu mwenye moyo mzito anayepita gizani, taa imrukie? Iache iendelee kupumua iwe kuna mtu au hakuna.

4. Funga jamvi. Tandaza mkanda kwa zigizaga kwenye ubao au turubai nyeupe, sentimita 15 nyuma ya jamvi. Ukiusogeza karibu zaidi macho yanaona vidoti badala ya mwanga. Ncha iliyokatwa izibe kwa silikoni isiyonuka siki, maana ile inayonuka siki inakula shaba. Uso wa jamvi uelekee barabarani au ukutani, kamwe usielekee bahari. Pwani hii kasa hutaga mayai, na taa zinazotazama maji zinawapoteza, wakubwa na watoto wao. Mwanga wa kaharabu pia hauiti wadudu wengi kama mweupe.

5. Unga sauti. DFPlayer ichukue volti 5 kutoka LM2596, kapasita ya 1000 µF ikiwa kati ya chanya na hasi karibu nayo. Pini yake ya RX iende D11 ya Nano kupitia 1 kΩ (bila rezista hiyo utasikia mkwaruzo), TX iende D10. Spika iende SPK1 na SPK2, waya wake wowote usiguse hasi. Kitufe kiwe kati ya D2 na hasi. Programu ikague kitufe kila baada ya milisekunde 20, ndani ya hatua zile za mwanga, si mwisho wa pumzi. Ukisubiri mwisho wa pumzi, mtu atabonyeza mara tano akidhani ni kibovu.

Ipo njia ya mkato ya kuunga kitufe moja kwa moja kwenye pini ya IO2 ya DFPlayer bila Nano. Usiifuate. Kitufe kikishikiliwa kwa muda, IO2 inapandisha sauti badala ya kubadilisha wimbo, na mtoto wa kwanza atakayekaa hapo atakishikilia.

Spika iingie mwisho wa chini wa bomba, imefungwa kwa kitambaa. Mwisho wa juu, kwenye kona, uwe usawa wa sikio la mtu aliyekaa. Sauti ianzie 12 kati ya 30. Isikike kwa anayeinamisha kichwa, isisikike kwa aliyekaa upande wa pili wa benchi. Hedifoni achana nazo: zinachafuka, zinaibiwa, na hakuna anayetaka kuvaa ya mwenzake.

6. Rekodi sauti. Hapa ndipo pa kutumia muda, hata wiki mbili.

Sauti 8 hadi 12, kila moja sekunde 60 hadi 90. Usimuombe mtu asimulie mabaya yaliyompata. Muulize hivi: "Moyo ukiwa mzito, jioni unafanya nini?" Utapata anayekwenda kukaa ufukweni maji yakijaa, anayefua hata nguo safi, anayempigia dada yake Newala na kuzungumzia mihogo tu. Hizo ndizo sauti za kuweka. Rekodi kwa Kiswahili, na pia Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua kulingana na mahali ulipo. Mzee akisema jambo kwa lugha ya nyumbani, anasema zaidi. Kwa wazee anza na shikamoo na ukae chini kwanza. Simu itoke mfukoni baadaye, kwa ruhusa.

Simu ya kawaida inatosha. Rekodi chumbani penye godoro na nguo, simu sentimita 20 kutoka mdomoni, soksi safi juu ya maiki. Nje, upepo wa kusi utakuharibia kila kitu kati ya Mei na Septemba. Safisha kwa Audacity (programu ya kuhariri sauti), sawazisha ukubwa wa sauti zote kwenye −19 LUFS mono, toa MP3. Fomati kadi kwa mfumo wa FAT32, tengeneza folda iitwayo mp3, majina yawe 0001.mp3, 0002.mp3. Nakili moja moja kwa mpangilio.

Idhini iwe ya maandishi, na mtu aambiwe wazi kwamba anaweza kuiondoa sauti yake siku yoyote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu hata kama ni kikundi cha watu watano. Ondoa majina ya watu na mitaa. Mtwara ni mji ambao mtu anatambuliwa kwa kikohozi chake, kwa hiyo anayetaka kujificha, maneno yake yasomwe na mtu mwingine. Kubadilisha sauti kwa programu kunamfanya asikike kama katuni. Akitaja kwamba aliwahi kujaribu kujiua, usiweke sauti hiyo hadharani. Kanuni ya Adhabu inalihesabu hilo kuwa kosa, utamweka matatani. Zima kinasa, msikilize, na muulize kama leo bado anayo mawazo hayo.

Muziki wa wengine usiweke bila kibali. Sauti ya maji kwenye mikoko ni bure.

7. Andika bango. Maneno machache: "Kaa. Pumua na mwanga. Ukitaka kusikiliza, bonyeza." Neno "afya ya akili" tusingeliweka juu. Ni neno zuri, ila mpita njia anasikia "wagonjwa wa akili", na atakayekaa hapo ataonwa na mtaa mzima. Chini, kwa herufi ndogo zinazosomeka, weka namba ya bure ya simu ya mtoto, 116, namba 199 ya Wizara ya Afya, na siku za kliniki ulizoandika mwanzo. Zipige mwenyewe kwanza.

8. Zuia chumvi. Viungo vyote vya risasi vipake rangi ya kucha, plagi zipake vaselini. Saketi yote ikae ndani ya kontena, nyaya zitokee chini, si juu. Bila hivyo, wiki tatu ufukweni shaba itakuwa na kutu ya kijani.

9. Pangia saa. Anza saa 1 usiku, funga saa 3. Baada ya hapo akina mama wengi wameshaondoka na wanaobaki wametoka kunywa. Adhana ya Isha ikianza, zima sauti mpaka swala iishe, mwanga uache. Mwezi wa Ramadhani sogeza yote mpaka baada ya tarawehe.

10. Kaeni. Wasikilizaji wawe umbali wa hatua tano, kwenye kiti chao, bila sare. Salamu ni "Pole na kazi, karibu ukae," au shikamoo kwa anayestahili. Kamwe isiwe "Una tatizo gani?" Mtu akianza kuongea, kazi ni tatu: angalia yuko salama, sikiliza bila kuhubiri, muunganishe na huduma. Akisema amechoka kuishi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Asiachwe peke yake. Msikilizaji mmoja aende naye hospitali usiku huo huo, au mpaka kwa ndugu anayemchagua yeye. Nauli ya bajaji iwe mfukoni mwa msikilizaji tangu saa 1.

Kama mtu akipumua na mwanga anazidi kuhema, mwambie aache kuutazama, aangalie chini, ahesabu mbao za benchi. Si kila mtu anatulizwa na pumzi.

Kwa kuhesabu watu wanaondoka wakijisikiaje, weka bakuli tatu zenye mifuniko yenye tundu jembamba na rundo la vifuniko vya soda, kila mtu atumbukize kimoja: "nimepata nafuu", "vilevile", "nimezidiwa". Usitumie korosho. Zitaondoka.

Kikikataa

*Taa zinawaka moja kwa moja, hazipumui.* Mosfeti imeungua au miguu yake imegeuzwa. Toa waya wa D9; zikiendelea kuwaka, badilisha mosfeti.

*Mwanga unapungua kadiri mkanda unavyokwenda mbali.* Waya ni mwembamba. Lisha mkanda ncha zote mbili.

*Mistari inaonekana kwenye kamera ya simu.* Kawaida. Jicho haliioni, usihangaike.

*Sauti inakatika kitufe kikibonyezwa, au yote inaanza upya.* Kapasita haipo, au betri imeshuka. Ikiwa imepumzika na inasoma 12.0, usiitumie tena mpaka ichajiwe.

*Inacheza sauti isiyo yake.* Umenakili faili zote kwa mkupuo. Fomati, nakili upya moja moja.

*Watoto wamejaa, watu wazima hawakai.* Itatokea siku mbili za kwanza. Waache wacheze, usiwafukuze. Siku ya tatu watakuwa wamechoka nalo. Wasipochoka, geuza benchi litazame jamvi kwa karibu zaidi, kukimbia mbele yake kukose nafasi.

*Kuna anayesema ni uchawi.* Fungua kontena mbele yake, mwonyeshe betri, mwache abonyeze kitufe yeye mwenyewe. Ndiyo maana mfuniko haufungwi kwa skrubu.

*Vifuniko vya "nimezidiwa" vinaongezeka.* Sitisha sauti kwa usiku mmoja, bakiza mwanga. Sikiliza upya zote na muuguzi. Mara nyingi ni sauti moja au mbili zinazoishia pabaya. Ziondoe.

*Mwenye sauti anataka itolewe.* Itoe usiku huo, futa kwenye kadi, simu na kompyuta, mbele yake.

Siku ya mwisho itangaze mapema kwenye bango, siku tatu kabla. Kuna watu watakuwa wamezoea kupita hapo, na jamvi likitoweka ghafla watauliza kibanda cha jirani, ambaye hana jibu.